Mnyama Aliyeonekana Kabla ya Kupigwa

Mwindaji wa Kihadzabe anayemnyemelea swalapala karibu na Ziwa Eyasi hana budi kumsogelea hadi mita 30 hivi, au pungufu, ndipo aachie mshale. Anakwenda upepo ukimpiga usoni ili harufu yake isimtangulie. Mnyama akiinama kula, mwindaji anapiga hatua. Akiinua kichwa, anaganda. Jani kavu moja likilia, kazi ya asubuhi nzima imepotea. Watafiti waliofuatana na Wahadzabe miaka ya 1980 waliona kuwa mwindaji aliyetoka kila siku alimpata mnyama mkubwa mara moja tu hivi kwa mwezi. Siku nyingine familia ilikula mizizi, matunda, ubuyu na asali. Kwa maoni yangu, ugumu huo ndio uliowalinda wanyama kwa muda mrefu kuliko askari yeyote wa wanyamapori. Anayenyemelea humwona mnyama kwanza, dume au jike, mwenye mtoto au asiye naye, na bado ana nafasi ya kumwacha.

Atatokea wa kusema kwamba hata jangili huenda kwa miguu, tena kimyakimya. Kweli, lakini jangili huyo mara nyingi hamnyemelei mnyama. Anategesha tanzi la waya kwenye njia ya wanyama na kurudi nyumbani kulala. Waya hauna macho: unamkamata funo, unamkamata jike anayenyonyesha, na mwenyewe asiporudi nyama inaozea papo hapo. Ndiyo maana Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inakataza kuwinda kwa mitego, kwa taa za usiku na kwa gari. Inakataza sumu pia, na mshale wa Mhadzabe una sumu. Hoja hiyo ni nzito, ila sumu yake haimwondolei kazi ya kumfikia mnyama.

Pingamizi lililo na nguvu zaidi ni la idadi. Wahadzabe ni elfu moja na ushei. Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni 5, na hakuna unyemeleaji utakaojaza sufuria zao. Nakubali kabisa. Basi nyamapori isiwe kitoweo cha kila wiki mjini. Mkazi wa Kimara, ambaye Pori la Akiba Pande haliko mbali naye, akiletewa nyama ya swala mlangoni usiku, asinunue. Anayeitaka aende bucha lenye leseni, aombe na risiti.