Nyumba Ipate Joto Bila Kulala na Jiko

Mwezi wa Julai huko Kinangop si mchezo. Asubuhi nyingine baridi huganda juu ya nyasi na kuunguza majani ya viazi. Ndiyo maana watu wengi hufunga madirisha, wakaingiza jiko la makaa chumba cha kulala na kusema, "Sasa tutalala." Wengine hawaamki.

Katika kikundi kimoja tunachotembelea, nyanya mmoja na wajukuu wake wawili waliokolewa na jirani aliyekuja kuchukua maziwa asubuhi. Walikuwa wakitapika, na kichwa kinawauma sana. Kwanza watu walisema ni chakula kibaya, wengine wakanong'ona mambo ya uchawi. Ilikuwa ni jiko.

Makaa yanapoungua hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, wala haimkohoshi mtu kama moshi. Hushika damu kwa nguvu kupita ile oksijeni tunayohitaji, zaidi ya mara 200, na mtu aliyelala huzidi tu kulala. Lile jiko lenye udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, linapunguza makaa kweli, lakini gesi hiyo bado inatoka. Tusidanganyane hapo. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango, mtoe nje kwenye hewa safi na umpeleke hospitali mara moja, hata akisema amepata nafuu.

Wanakikundi wakatuuliza: sasa tufe na baridi? Tukaenda pamoja kuangalia nyumba ya yule nyanya, na tukaona kwamba shida haikuwa moto mdogo. Joto lilikuwa linatoroka. Hewa yenye joto hupanda juu, na juu kulikuwa na mabati matupu, tena nafasi wazi kati ya ukuta na paa. Akina mama wakashona magunia, yakatandazwa chini ya mabati kama silingi, mbali kabisa na meko. Nafasi zile zikazibwa kwa udongo, ila tundu moja la ukubwa wa kiganja liliachwa karibu na meko ili hewa iingie. Hilo halizibwi hata kukiwa na baridi namna gani.

Yale mawe matatu ya katikati yakaondolewa. Meko mapya yalijengwa ukutani kwa matofali na udongo mzito, na bomba la inchi 4 likapandishwa kupita kilele cha paa. Udongo ukishika moto jioni, hutoa joto polepole hata kuni zikiisha. Bomba lisiguse mbao wala gunia.

Kupunguza au kuongeza joto ni kazi ya kibati kidogo mdomoni mwa meko. Ukikifungua, hewa inaingia na kuni zinawaka. Ukikisogeza, moto unatulia. Bomba lenyewe lisizibwe kamwe, na litolewe masizi kila mwezi.

Kilichogharimu zaidi ni bomba, na nyanya alikopeshwa kutoka pesa za mzunguko. Siku hizi malalamiko yake ni mengine: majirani wanakuja kuota moto jioni na hawataki kurudi kwao. Kikundi kimepanga kurekebisha nyumba mbili zaidi kabla ya Juni, kwanza ile yenye mtoto mchanga.