Fedha na Ujamaa

Leo twauliza: je, watu waweza kuishi bila fedha?

Mwaka 1875 Karl Marx aliandika kwamba mfanyakazi apewe cheti cha kazi yake, akachukue mahitaji ghalani. Ukifanya kazi siku tatu, cheti chasema kazi hiyo, baada ya kutolewa sehemu ya mfuko wa wote. Hakizunguki kama shilingi.

Urusi ilijaribu kuacha fedha. Wakulima wakachoka kunyang'anywa nafaka. Mwaka 1921 soko likarudi.

Kwetu, Azimio la Arusha la 1967 lilisema fedha si msingi wa maendeleo, lakini halikuifuta. Baada ya mafuriko ya 1968 watu wa Rufiji walihamishiwa vijiji vya ujamaa. Hata huko chumvi ilinunuliwa kwa shilingi.

Basi, iwe cheti au shilingi, hesabu huandikwa daftarini. Jifunze kulisoma, usipunjwe.