Figo: Amana Tuliyokabidhiwa

Tunapomtazama mama wa Bweranyange akipanda kilima na ndoo ya lita 20 kichwani, tunauona uzito wa maji. Basi tujue kwamba figo zake mbili, kila moja ukubwa wa ngumi, huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka katika damu kila siku: ndoo 9!

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Damu ipitapo humo kwa msukumo, maji, chumvi, sukari na taka hupenya; chembe za damu na protini kubwa hubaki. Kisha mirija myembamba huyarejesha katika damu karibu yote yenye manufaa. Yanayosalia, lita 1 hadi 2 tu, ndiyo mkojo, nao hushuka kibofuni.

Shinikizo la damu na kisukari huviharibu vichujio hivyo kimyakimya. Tangu mwaka 2017 Hospitali ya Muhimbili hupandikiza figo, lakini kutoka Bweranyange hadi Dar es Salaam safari ni ndefu. Tuwapeleke wazazi wetu wakapimwe shinikizo, sukari na mkojo mapema. Tusingoje miguu ivimbe, kwani amana hutunzwa kabla haijapotea.