Marekebisho ya Programu za Kompyuta na Uongozi wa Wanaozitengeneza

Kila mwenye simu au kompyuta siku hizi hupata ujumbe unaomtaka aruhusu programu zake zirekebishwe. Wako wanaokubali bila kusoma, na wako wanaoahirisha kwa miezi mingi. Jambo hili huonekana dogo, lakini ndani yake limo swali zito: chombo ambacho tayari kinafanya kazi, na ambacho watu wanakitegemea, kibadilishwe vipi bila kukiharibu? Katika makala hii tutalitazama swali hilo kwa kutumia matukio mawili ya mwaka 2024. Tutaona kwamba jibu lake halimo ndani ya mashine peke yake, bali limo pia katika namna wataalamu wanavyoongozwa.

Kwa nini programu hurekebishwa?

Programu ni mfululizo wa maagizo yanayoielekeza kompyuta ifanye nini, hatua kwa hatua. Programu kubwa huwa na mamilioni ya mistari ya maagizo, iliyoandikwa na watu wengi kwa miaka mingi. Haiwezekani ikosekane kasoro. Baadhi ya kasoro hizo ni mianya ambayo wahalifu huweza kupenya. Mwezi Mei 2017 kirusi cha kompyuta kiitwacho WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150 na kuvuruga kazi za hospitali nyingi za Uingereza. Hata hivyo, kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa marekebisho ya kuziba mwanya huo tangu tarehe 14 Machi mwaka huohuo. Wengi wa waliodhurika ni wale waliokuwa hawajayapokea. Ni dhahiri, basi, kwamba kukataa marekebisho si njia ya usalama.

Dakika 78 za Julai 2024

Lakini haraka nayo ina gharama yake. Tarehe 19 Julai 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike, ambayo hulinda kompyuta za mashirika dhidi ya wahalifu, ilisambaza faili dogo la taarifa za ulinzi. Faili hilo liliondolewa saa 2:27, yaani baada ya dakika 78. Katika muda huo mfupi, kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 zilizimika na kushindwa kuwaka. Maelfu ya safari za ndege zilifutwa, na hospitali na benki katika nchi nyingi zilikwama.

Chanzo kilikuwa nini? Tuchukue mfano wa karani aliyeagizwa kusoma safu ya 21 katika daftari lenye safu 20. Mtu angeinua kichwa na kuuliza. Kompyuta haiulizi, huendelea kusoma mahali pasipokuwa pake. Ndivyo ilivyotokea: faili lilitaka taarifa 21 zichunguzwe, lakini programu ililetewa 20 tu. Kosa hilo lilikuwa limejificha kwa miezi kadhaa, kwa kuwa mafaili ya awali hayakuitumia nafasi ya 21 kikamilifu. Na kwa sababu programu hiyo ya ulinzi hukaa katika kiini cha mfumo wa kompyuta, ilipoanguka ilianguka na mashine nzima. Mafundi walilazimika kuziendea kompyuta nyingi moja moja, kuziwasha kwa namna maalumu, na kulifuta faili hilo kwa mkono.

Wanafunzi wangu huuliza: ni nani aliyekosea? Mimi naona swali hilo halitufikishi mbali. Kosa la kuhesabu linaweza kumpata mtu yeyote. Swali lenye faida ni hili: ni utaratibu gani ulioruhusu kosa la hesabu liwafikie wateja wote kwa mara moja? Taarifa ya kampuni yenyewe, iliyotolewa tarehe 6 Agosti 2024, inalijibu. Mafaili ya aina hiyo hayakuwa yakisambazwa kwa awamu, na wateja hawakuwa na uwezo wa kuyachelewesha. Hatuwagawii wakulima wote mbegu mpya kabla ya kuipanda katika mashamba ya majaribio. Programu nayo yastahili kutunzwa hivyo hivyo.

Marekebisho ya mbali kuliko yote

Tukio la pili lilitokea miezi mitatu kabla ya hilo. Chombo cha anga Voyager 1, kilichorushwa tarehe 5 Septemba 1977, kilianza mwezi Novemba 2023 kutuma taarifa zisizosomeka. Kilikuwa umbali wa zaidi ya kilomita bilioni 24, na agizo la redio lilichukua saa 22 na nusu kukifikia. Jibu nalo lilihitaji muda kama huo kurudi. Wataalamu wa maabara ya JPL huko California waligundua kwamba kipande kimoja cha kumbukumbu ya kompyuta yake kilikuwa kimekufa. Hakuna fundi awezaye kwenda huko. Iliwabidi wayagawe maagizo yaliyokuwemo katika kipande hicho, wayapeleke sehemu nyingine za kumbukumbu, na kuhakikisha kwamba bado yanafanya kazi kwa pamoja.

Hawakuyahamisha yote kwa mara moja. Tarehe 18 Aprili 2024 walihamisha kwanza yale ya kutuma taarifa za hali ya chombo chenyewe. Tarehe 20 walipata jibu kwamba yamefaulu, ndipo wakaendelea na mengine. Mwezi Juni vifaa vyote vinne vya uchunguzi vilikuwa vikituma taarifa za kisayansi tena.

Kazi ya kiongozi

Umbali uliwalazimisha wale wa Voyager kusubiri. Mtandao wa intaneti haumlazimishi mtu kusubiri. Unaweza kufikisha kosa duniani kote kwa dakika chache. Kwa hiyo subira ambayo Voyager iliipata kutokana na umbali, kwetu sisi hapana budi itokane na kiongozi. Yeye ndiye apangaye kwamba marekebisho yaanzie katika mashine za ofisi yake mwenyewe, kisha yaende kwa wachache, ndipo yaende kwa wote. Yeye ndiye ampaye hata kijana aliyeajiriwa jana haki ya kusema "tusimame kwanza" bila kuogopa kudharauliwa. Tena ndiye ahakikishaye kwamba njia ya kurudi nyuma imekwisha kujaribiwa kabla ya safari kuanza.

Habari za teknolojia hutueleza zaidi idadi ya mashine zilizozimika, na taratibu hizi huzitaja kwa nadra. Lakini katika nchi zetu, ambako mamilioni ya watu hutuma na kupokea fedha kwa simu, ni taratibu hizi zinazotulinda. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Anayeongoza wataalamu wa kompyuta ajue kwamba siku moja kikundi chake kitajikwaa. Kazi yake ni kupanga mwendo ili kikijikwaa kisianguke, wala kisiwaangushe wengine.