Tambi za mchele kwa mchuzi wa choroko: chakula cha jioni cha asiyekula ngano

Kwa kuwa sisi ndio tunaoshika kalamu ya kamati ya msikiti wa mtaa wetu hapa Tanga, kila ifikapo Shaabani hutuangukia kuandika orodha ya futari: nani ataleta chapati, nani sambusa, nani tambi za nazi, nani kaimati, nani boko boko. Tumeiandika orodha hiyo miaka kadhaa bila ya kuitazama mara mbili. Mwaka uliopita tuliisoma nyumbani kwa sauti, na binti yetu wa miaka minane, aliyekuwa ameketi mkekani akisikiliza, akauliza: "Baba, mie nitakula kipi hapo?" Tukapitisha kidole juu ya karatasi. Ukiacha tende, uji wa mchele na muhogo wa nazi, vyote vilivyobaki vilikuwa ngano. Muhogo hatuudharau, lakini mtoto alikwisha kuula mpaka ukamkinai, na alichokuwa akikitamani usiku na mchana ni tambi.

Binti huyu ana ugonjwa wa siliaki. Katika ngano, shayiri na rai mna protini iitwayo gluteni, na mwenye ugonjwa huu akiila, kinga ya mwili wake hugeuka ikaushambulia utando wa utumbo mwembamba, ule unaofyonza lishe. Hapo hata akila vizuri hanenepi. Kwa miaka miwili tulimpa dawa za minyoo, tukampa za kuongeza damu, tumbo likazidi kujaa na miguu ikazidi kuwa myembamba, mpaka daktari mmoja alipoamuru apimwe damu kwa ajili ya maradhi haya. Na hapa tunamwomba mzazi mwenye shaka asikilize vizuri: usimwondolee mtoto ngano kabla ya kipimo, kwani akiiacha mapema kipimo huweza kuonyesha kuwa hana kitu. Dawa ya kumeza haijapatikana. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote, jambo ambalo tabibu wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alilithibitisha katika tasnifu yake ya mwaka 1950, baada ya kuona kuwa watoto wagonjwa walipata nafuu wakati wa njaa ya vita, mkate ulipoadimika, na wakarudi kuugua mkate uliporejea.

Basi tukarudi kwenye tambi. Aliyetufungulia mlango ni mama mkwe, aliyekuja na kikamulio chake cha shaba, kile kinachokamuliwa tambi za dengu. "Mwanangu," akatuambia, "tambi si ngano. Tambi ni tundu. Unga wowote ukipita hapa utatoka tambi." Maneno yake ni kweli, kwani watu wa India Kusini na Sri Lanka hukamua unga wa mchele hivyo hivyo, wakaupika kwa mvuke, na huko India chakula hicho huitwa idiyappam.

Kweli hiyo, hata hivyo, haikutuokoa na aibu ya siku ya kwanza. Tulikanda unga kwa maji baridi kama wa chapati, na kilichotoka ni makombo. Kinachoushika unga wa ngano ni ile gluteni yenyewe. Mchele hauna, kwa hiyo hutafutiwa gundi nyingine, nayo ni wanga wake ukiivishwa kwa maji yanayotokota. Maji ya vuguvugu hayafanyi kazi hiyo.

Chukua vikombe 2 vya unga laini wa mchele, uukaange kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo mpaka utoe harufu, usibadilike rangi. Chemsha vikombe 2 na robo vya maji pamoja na kijiko cha chai cha chumvi na kijiko kikubwa cha mafuta. Mimina maji hayo kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mwiko, na ukome unga ukishashikamana, hata kama maji yamebaki. Funika dakika tano, kisha kanda ungali moto, mikono umeipaka mafuta. Unga uwe laini kama sikio la mtoto. Ukiwa mgumu utaumia mikono bure, nasi tulikaribia kupinda mpini wa mama mkwe. Kamulia juu ya chujio pana lililopakwa mafuta, viduara vidogo vidogo, uliweke juu ya sufuria ya maji yanayochemka, ufunike. Dakika nane hadi kumi zatosha.

Juu ya unga huo tuna neno zito. Mara ya tatu tambi zilitoka nzuri, mtoto akala akafurahi, na usiku ule ule akaanza kutapika na kuharisha. Tulitafuta kosa katika sufuria, katika mafuta, katika viungo. Kumbe mchele wetu ulisagwa kwenye mashine ya mtaani mara tu baada ya gunia la ngano. Tangu siku hiyo tunaroweka mchele saa nne, tunauchuja, tunautwanga kwenye kinu cha nyumbani ungali na unyevu, tunauchekecha na kuuanika. Ni kazi, hatukatai. Chujio, kinu na chekeche ni vyake peke yake, na mafuta yaliyokaangia sambusa hayamhusu.

Mchuzi ni wepesi zaidi. Roweka vikombe 2 vya choroko usiku kucha, uzichemshe ziive zisivurugike. Kaanga vitunguu 2, thomu na tangawizi vilivyotwangwa, bizari nyembamba na bizari ya manjano, kisha nyanya 4, mpaka mafuta yajitenge. Tia bilinganya 2 zilizokatwa vipande vikubwa, choroko na tui jepesi la nazi 2, uache moto wa wastani. Bilinganya zikilainika weka fungu la mchicha na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, na mwisho kasimile, huku ukikoroga tui lisikatike. Epua, kamulia ndimu. Mchele una upungufu wa laisini, ambayo choroko inayo tele, na choroko nazo huzibwa pengo lao na mchele. Kwa hiyo sahani hii hushibisha na kujenga mwili pasipo nyama. Wenye kupenda mvuje wasome kopo kwanza, kwani ule wa unga mara nyingi huchanganywa na ngano. Sosi ya soya nayo aghalabu hutengenezwa kwa ngano. Na talbina, pamoja na yote inayosifiwa, ni shayiri. Mgonjwa huyu asipewe.

Orodha ya mwaka huu tumekwisha kuiandika. Mstari wa nne unasema: tambi za mchele, sinia moja, chombo mbali, kijiko mbali, zipakuliwe kwanza. Mzee mmoja wa kamati aliuliza kwa nini sinia moja tu, kwani naye amezionja kwetu. Tumeandika mbili.

Tambi zikibaki, asubuhi huzivuruga binti mwenyewe kwa tui, sukari na iliki, naye hamgawii mtu.