Mlingoti wa Fahari

Alfajiri ya Agosti 19, 2024, chombo cha kifahari Bayesian kilizama karibu na Porticello, Sicily, kikiwa kimetia nanga. Watu saba kati ya 22 waliokuwamo walikufa. Merikebu ya matanga Sir Robert Baden Powell, iliyotia nanga jirani, ilihimili tufani hiyo na kuwaokoa 15 waliosalia.

Bayesian kilikuwa na urefu wa meta 56. Mlingoti wake, mmoja tu, ulipita meta 70! Tanga hukunjwa, lakini mlingoti kama huo haushushwi, na upepo huukuta palepale. Wachunguzi wa Uingereza walieleza mwaka 2025 kwamba, matanga yakiwa yamekunjwa na bapa la chini la kukipa uthabiti likiwa limepandishwa, upepo wa ubavuni uliozidi kilometa 117 kwa saa ungetosha kukipindua.

Udhaifu huo haukuandikwa katika kitabu cha uthabiti kilichokuwamo chomboni. Mwenye chombo hakuujua, wala mabaharia. Tajiri na ajijengee apendavyo; lakini kwa nini baharia afichwe kipimo hicho? Miongoni mwa waliokufa alikuwamo mpishi, aliyepanda kwa ajira, si kwa starehe.