Mcheza Kwao Hutunzwa: Elijah Masinde Kabla ya Kuitwa Nabii

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wazee wetu wa pwani. Msemo huu tumeuzoea penye ngoma, penye mashairi na penye mpira. Achezaye mbele ya jamaa zake hatoki uwanjani mikono mitupu. Akikosa fedha atapata jina. Leo, ndugu msomaji, nataka tuupime msemo huo kwa mtu mmoja wa bara. Sisi watu wa mwambao tunamjua, ikiwa tunamjua, kwa kifungo chake wala si kwa mguu wake.

Mtu huyo ni Elijah Masinde. Vitabu vya historia vinamtaja kuwa kiongozi wa Dini ya Msambwa, mpinzani mkali wa serikali ya kikoloni katika nchi ya Wabukusu, na mfungwa aliyeletwa Lamu. Hayo yote ni kweli. Lakini kabla ya kuitwa nabii na wafuasi wake, na kabla ya kuitwa mwenda wazimu na Waingereza, Masinde alikuwa mchezaji kandanda. Alikuwa nahodha wa timu ya Kimilili, na mwaka 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Jambo hilo hupewa mstari mmoja, pengine nusu mstari, kisha mwandishi hukimbilia mambo ya jela. Mimi naomba tukae kidogo penye mstari ule.

Nilifika Kamukuywa kwa njia ya Kitale. Barabara inateremka kutoka nchi ya Trans Nzoia, inapita mashamba ya mahindi yasiyo na mwisho, inavuka daraja la mto, na hapo pana soko: ndizi, maharage, mitumba, na pikipiki zikingoja abiria. Upande wa machweo unasimama Mlima Elgon, mita 4,321, ambao wenyeji huuita Masaba. Kamukuywa ni wadi ya jimbo la Kimilili, jirani ya Maeni, na nchi hii ndiyo iliyomlea Masinde. Pale nilipopita palikuwa na kiwanja kisicho na nyasi katikati, magoli ya miti, na vijana wakiufukuza mpira katika vumbi. Kiwanja kama kile unaweza kukiona Likoni, Malindi au Mkunguni. Kila mji una wachezaji wake ambao wanajulikana mtaa huu na hawajulikani mtaa wa pili.

Masinde alizaliwa baina ya mwaka 1910 na 1912. Alipokuwa kijana, kandanda ilikuwa jambo geni katika nchi ile, iliyoletwa na wamisheni na walimu wa shule. Maquaker wa Marekani walikuwa wamefika Kaimosi mwaka 1902 na kuenea kaskazini hadi Kimilili. Kusini yake, pale Maseno, alikuja mwaka 1928 mwalimu Mwingereza aitwaye Carey Francis, mtu aliyeupenda mpira sana na kuufundisha kwa ukali ule ule aliofundishia hesabu. Wazungu walidhani mchezo utawafunza vijana utii: filimbi ikilia simama, nahodha akisema sikiliza. Vijana waliyachukua hayo, lakini walichukua na mengine ambayo hawakufundishwa.

Kombe la Gossage lenyewe lilianza mwaka 1926, na jina lake ni la kampuni ya Kiingereza iliyouza sabuni. Naam, ni kombe la watu wa sabuni. Mwanzoni lilikuwa shindano la nchi mbili, Kenya na Uganda. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Zanzibar ikafuata. Ndilo shina la mashindano ambayo leo tunayaita ya CECAFA. Basi kijana wa Kimilili aliyechezea Kenya mwaka 1930 alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa. Hakuwa na mshahara wa mpira, wala hapakuwa na ligi ya taifa. Ligi hiyo ilianza mwaka 1963, Nakuru All Stars wakawa mabingwa wa kwanza, na watu wetu wa Feisal wa Mombasa wakaupata ubingwa mwaka 1965. Viatu vya mpira vilikuwa anasa. Hata mwaka 1956, timu ya Uganda ilipokwenda kucheza Uingereza, wachezaji wake waliingia uwanjani miguu mitupu mbele ya Wazungu walioshangaa.

Huyo basi ndiye mchezaji mdogo: hodari kwao, mara moja akaitwa juu, kisha akarudi kazini. Kila mchezo duniani umesimama juu ya migongo ya watu hao. Marekani wana mchezo wa gongo na tufe uitwao besiboli, na chini ya ligi yao kubwa ziko ligi ndogo za daraja baada ya daraja. Humo wamo wanaume wanaopoteza ujana wao katika mabasi ya usiku, wakihama mji hadi mji, wakingoja kuitwa. Mmoja wao alikuwa Mwafrika mwenzetu, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, ambaye mama yake alikuwa mfanyakazi wa klabu ya besiboli huko Randburg, na mtoto akakulia hapo hapo klabuni. Alikuwa mlinzi wa ndani ya uwanja, fundi wa kudaka. Alitia sahihi na timu ya Pittsburgh mwaka 2008, akasota katika ligi ndogo hadi tarehe 26 Aprili 2017 alipoitwa juu, akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kubwa ya Marekani. Tufe ile aliyoipiga mara yake ya kwanza ilimfikisha salama kituo cha kwanza. Mama yake hakuyaona hayo. Alikuwa amekwisha fariki mwaka 2013. Mwaka ule Ngoepe alicheza michezo 28 na Pittsburgh, mwaka uliofuata 13 na Toronto, kisha akarudi chini.

Namtaja Ngoepe kwa sababu moja. Wamarekani wana tabia ya kuhesabu. Kila tufe aliyoipiga na kila aliyoikosa, hata katika miji midogo isiyojulikana, imeandikwa daftarini. Hakupata utajiri wa mabingwa, lakini akiulizwa na wajukuu zake alifanya nini duniani, ataweza kuwaonyesha mstari kwa mstari.

Kwetu tumekuwa na njia nyingine ya kuhifadhi, nayo ni sauti. Joe Kadenge, aliyezaliwa mwaka 1935 na kufariki mwaka 2019, alitoka nchi hiyo hiyo ya magharibi. Watangazaji wa redio walilia "Kadenge na mpira" hadi maneno yale yakawa msemo wa watu ambao hawakupata kumwona hata siku moja. Redio ilimtunza Kadenge. Lakini Masinde alicheza kabla ya sauti ile kufika. Hakuwa na daftari, hakuwa na mtangazaji.

Je, ni nani aliyemwandika Masinde? Hapa ndipo penye uchungu wa kisa hiki. Waliomwandika ni polisi na mabwana wilaya.

Maquaker walimtoa katika kanisa lao alipooa mke wa pili. Alifanya kazi ya kupeleka hati za mahakama ya wenyeji, kazi iliyomfikisha nyumba hadi nyumba na kumwonyesha jinsi amri za serikali zilivyowaangukia wanyonge. Ng'ambo ya Kamukuywa, katika Trans Nzoia, ardhi bora ilikuwa ya walowezi, na Wabukusu wengi walikaa humo kama vibarua. Mwaka 1944 Masinde alianza kuwahimiza watu wakatae amri, na kazi ya lazima ikiwa mojawapo. Alifungwa, na mwaka 1945 akapelekwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili huko Nairobi. Alitoka mwaka 1947, na mwezi Septemba wa mwaka huo aliwaongoza maelfu ya watu hadi Chetambe, karibu na Webuye, kuwaomboleza Wabukusu waliouawa na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wake huko Malakisi, wakafa watu 11. Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku, na Masinde akakamatwa na kuletwa Lamu.

Sisi tunaomwabudu Mungu mmoja hatuwezi kumfuata katika njia ya mizimu ya kale, na sikuandika haya kwa nia hiyo. Lakini dhuluma ni dhuluma, na asiyeiona ya jirani haoni hata yake. Tena Lamu ni kwetu. Wenye umri wangu wanaikumbuka ngome ya Lamu ilipokuwa ingali jela. Ilianza kazi hiyo mwaka 1910 na haikuiacha hadi 1984. Mji tunaousifu kwa maulidi na kwa utenzi, wakoloni waliutumia kuwa mahali pa kumtupa mtu ili asahauliwe. Fikiri, msomaji: mtu wa mlimani, aliyezoea mahindi, baridi na kelele za kiwanja, akitazama bahari isiyokuwa na ng'ambo.

Baadhi ya watu hustaajabu jinsi mtu aliyekuwa tarishi wa mahakama alivyoweza kukusanya maelfu. Mimi sistaajabu. Nahodha wa timu ya kijiji ana kazi zaidi ya kupiga mpira. Huwaita wenzake alfajiri, huwapatanisha waliogombana, humpa moyo aliyekosa goli, na huenda katika mitaa ya watu wengine akarudi na marafiki. Watu humjua kwa sura kabla ya kumjua kwa neno. Siku anaposimama kusema jambo zito, wasikilizaji wako tayari. Hii ni rai yangu, lakini aliyepata kuongoza timu ya mtaa Mombasa au Tanga hatanibishia. Kile kiwanja ambacho Waingereza walitaka kiwe shule ya utii, kwa Masinde kilikuwa shule ya uongozi.

Aliachiliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, akarudi kwao. Dini yake ilifunguliwa mwaka 1964, ikapigwa marufuku tena mwaka 1968, na serikali huru nayo ikamtia jela. Alifariki mwaka 1987.

Basi je, mcheza kwao ametunzwa? Kwa upande mmoja, ndiyo. Watu wa Kimilili na Kamukuywa hawajalisahau jina lake, na maneno yanayosemwa kuwa alitabiri yangali yakizungumzwa. Kwa upande wa mchezo, hapana. Serikali ilijaza karatasi juu ya mfungwa na mgonjwa wa akili; juu ya nahodha tumebakiwa na mstari mmoja. Ukimwachia adui yako kalamu, atakuandika alivyokuona yeye.

Nami sisemi haya kwa ajili ya Masinde peke yake. Wale vijana niliowaona vumbini, wengi wao hawatafika ligi kuu. Watacheza miaka kumi, wataumia magoti, watarudi shambani au kwenye pikipiki. Mmoja wao huenda akawa mwalimu, mwingine shehe au padri, mwingine mtu wa kusimama mbele ya dhalimu. Klabu zetu ndogo, za bara na za pwani, hupata fedha za fulana na za nauli, lakini hazina daftari. Daftari ni kitu rahisi: tarehe, jina, nafasi aliyocheza, matokeo. Katibu mwenye hati nzuri anatosha. Na wazee wa Lamu ambao baba zao walimwona yule mfungwa kutoka Kimilili, wakimkumbuka kwa lolote, na walieleze sasa kabla halijazikwa pamoja nao. Tuzo ya mchezaji mdogo si kikombe. Ni kuandikwa na watu wake mwenyewe.